Mji Kasoro Picha

Sisi wa Morogoro tumezoea kujitania kwamba mji wetu ni "mji kasoro bahari". Milima tunayo, mito tunayo, reli, vyuo, matunda na muziki tunavyo. Kilichopungua ni pwani tu. Leo naongeza kasoro ya pili, na hii haikuletwa na jiografia. Imeletwa na uzembe wetu wenyewe. Morogoro ni mji kasoro picha.

Wapiga picha wapo, tena wengi. Utawakuta nje ya kumbi za mahafali, kwenye harusi, viwanjani, stendi ya Msamvu, na katika vibanda vya steshenari wanapochapa picha za pasipoti. Wapo pia vijana wanaopanda Uluguru alfajiri na kamera walizonunua kwa kudunduliza, wakishirikiana na wachoraji, wanamuziki na waandishi wa mashairi. Ninachodai ni kwamba kazi yao hailipwi ipasavyo, haitajwi jina la mwenyewe, wala haihifadhiwi. Kwa sababu hiyo mkoa mzima unaishi bila kumbukumbu ya macho, na jamii isiyo na kumbukumbu ya macho ni rahisi kudanganywa kuhusu ilikotoka na ilichopoteza. Suala hili, basi, linahusu utawala kama linavyohusu sanaa.

Chukua mfano wa Mikese. Kata hii iko kiasi cha kilomita 30 mashariki mwa mji wa Morogoro, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam na kwenye Reli ya Kati. Wajerumani walianza kuijenga reli hiyo kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Morogoro mwaka 1907. Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliuteka mji wa Morogoro, na baada ya hapo Mikese ikawa kituo cha kupakulia shehena za vita. Mizigo iliyoshushwa pale ilibebwa na wapagazi kuelekea kusini, Duthumi na bonde la Rufiji, kwenye mvua na matope, kwa njaa na homa. Katika vita vile, Afrika Mashariki nzima, wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu. Jina la Kariakoo, ambalo kila mfanyabiashara wa Mikese hulitamka anapofuata bidhaa Dar es Salaam, ni masalia ya kikosi cha wapagazi hao.

Mwanafunzi wa Mikese akitaka kuona sura za zama hizo ataziona wapi? Mjerumani Walther Dobbertin alipiga picha nyingi katika koloni hili kabla ya vita na wakati wa vita. Mkusanyiko wake uko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani. Picha za upande wa Waingereza ziko London, katika makumbusho yao ya vita. Ndani ya picha hizo ofisa ana jina na cheo. Mtu aliyebeba sanduku la ofisa huyo kichwani huitwa "mpagazi", basi. Aliyeshika kamera ndiye aliyeamua nani awe mtu na nani awe mzigo juu ya mzigo.

Msomaji atasema kwamba huo ulikuwa ukoloni na umepita. Naam, umepita. Tumejitawala tangu mwaka 1961, na kamera zimo mikononi mwetu. Sasa nauliza: picha za Mikese za wakati wa vijiji vya ujamaa ziko wapi? Za foleni za unga, sabuni na sukari za mwanzoni mwa miaka ya 1980? Za stesheni ilipokuwa imejaa wachuuzi wanaokimbilia madirisha ya mabehewa? Nyingi ya picha hizo zilipigwa. Enzi za mkanda wa filamu, mji wa Morogoro ulikuwa na studio zenye mapazia yaliyochorwa na vyumba vya giza vya kusafishia picha. Familia kutoka Mikese, Matombo na Mgeta zilivaa nguo za sikukuu zikashuka mjini kupigwa picha. Zilipokuja kamera za kidijitali, kisha simu, studio hizo zilifungwa moja baada ya nyingine. Wazee wakafariki, wapangaji wapya wakaingia, na maboksi ya negativu yakaenda jalalani. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo. Tumelichomea moto pamoja na takataka.

Serikali, kwa upande wake, haijaacha kutupiga picha. Hupiga kwa kitambulisho cha taifa, kwa leseni, kwa daftari la wapiga kura. Na mradi wa barabara au reli unapopita kwenye mashamba, mthamini huja na kamera, mdai wa fidia husimama mbele ya nyumba yake, hupigwa picha, faili hufungwa. Tafakari maana yake. Kwa bibi mmoja wa kijijini, inawezekana picha pekee ya nyumba alimolelea watoto wake ni ile iliyopigwa siku ya kuihesabu ili ibomolewe, na picha hiyo imo katika faili ambalo hataliona tena. Dola inayomtazama raia kwa jicho la utambulisho na uthamini tu inamjua kama namba. Kumjua kama mtu kunahitaji picha za aina nyingine: za kazi yake, ngoma zake, misiba yake, soko lake. Hizo hupigwa na mpiga picha wa mtaani, yule tunayemwambia kila siku kwamba kazi yake si kazi.

Wapo waliokaa kwetu kama wageni wakatupita kwa mbali katika jambo hili. Chama cha ANC cha Afrika Kusini kilifanya mkutano wake mkubwa mjini Morogoro mwaka 1969. Miaka michache baadaye kilipewa ardhi Mazimbu, kikajenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Walipoondoka, Waafrika Kusini walibeba nyaraka zao. Leo kumbukumbu za shule ya Mazimbu zinasomwa katika Chuo Kikuu cha Fort Hare. Wakimbizi, watu waliokuwa wakiishi kwa hofu ya mabomu na majasusi, walijua kwamba karatasi na picha ni sehemu ya ukombozi. Wenyeji tuliowapa ardhi, maji na ujirani tuna nini cha kumwonesha mjukuu kuhusu Mazimbu kwa jicho letu sisi, wapishi, mafundi, madereva na majirani wa Morogoro?

Au tuulize kwa masikio. Kwa nini Morogoro bado inasikika? Salum Abdallah na Cuban Marimba, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz: hawa hawakubaki hai kwa sababu ya kipaji pekee. Walibaki kwa sababu kulikuwa na redio ya taifa iliyowarekodi na kuhifadhi kanda, na kampuni za Nairobi zilizochapa sahani za santuri. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965, Mbaraka mwaka 1979, wote kwa ajali za gari, wote wangali vijana. Bila mashine ya kurekodi tungebaki na simulizi kwamba palikuwa na watu waliojua kupiga gitaa. Mbaraka alikwenda na bendi yake hadi Osaka, Japani, kwenye maonesho ya dunia ya mwaka 1970. Sauti yake iliwekewa mlinzi. Macho ya mji huo huo hayakuwekewa. Ndiyo maana kijana wa leo anayefuata nyayo za Afande Sele katika kughani hupata sauti za waliomtangulia kwa urahisi, na anayefuata nyayo za wapiga picha wa mji huu hana hata jina la kuanzia.

Sasa tuingie kwenye fedha, kwa kuwa maneno matamu juu ya urithi hayamlipii mtu kodi ya chumba. Mtindo unaotawala katika ofisi zetu unafahamika. Taasisi inahitaji picha za kalenda, bango au taarifa ya mwaka. Ofisa anaingia kwenye ukurasa wa kijana fulani, anachukua picha ya Uluguru yenye ukungu, anaikata pembe yenye jina, anaituma kwa mchapaji. Mchapaji analipwa. Muuza karatasi analipwa. Dereva aliyesambaza kalenda anapata posho. Mpiga picha anaambiwa, iwapo atabahatika kulalamika, kwamba ashukuru maana "tumekutangaza". Hakuna mama lishe anayeambiwa atoe sahani hamsini za wali ili ugali na wali wake ujulikane. Kwa nini mpiga picha aambiwe?

Wanaofanya hivyo huvunja sheria, na ni vyema watumishi wa umma wanaosoma hapa walijue hilo bila kupakwa mafuta. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitaja picha miongoni mwa kazi zinazolindwa, na inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kwa jina mbali na haki ya kunufaika. Sheria haihitaji picha iwe imepigwa na Mzungu mwenye kamera ya bei mbaya. Hata ile ya simu, iliyopigwa na kijana kando ya barabara pale Mikese, ina mwenyewe.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza ni kwamba hakuna fedha. Shule hazina madawati, zahanati hazina dawa, nani atanunua picha? Jibu hili lingekuwa na uzito kama fedha hazingekuwa zimekwisha kutumika. Kalenda inachapwa kila mwaka. Mabango yanabandikwa kila ziara ya kiongozi. Fedha ya picha ipo. Inapita kando ya mpiga picha. Zaidi ya hayo, sheria za ununuzi wa umma zinataka taasisi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wake kwa makundi maalumu, wakiwemo vijana na wanawake, na halmashauri zinatakiwa kutoa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kama mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu, ikarejeshwa mwaka 2024. Bodaboda, ufugaji wa kuku na ushonaji vinafahamika kwa maofisa. Kikundi kinachoomba kununua kamera, taa na mashine ya kuchapa picha hutazamwa kana kwamba kimeomba fedha za kwenda disko. Hapo tatizo ni akili, wala si bajeti.

Jibu la pili ni kwamba picha zote zimo mtandaoni, kwa hiyo zimehifadhiwa. Huu ni usingizi. Mtandao ni mali ya makampuni ya kigeni ambayo hayana mkataba wowote na kizazi kijacho cha Mikese. Simu ikiibwa, nywila ikisahaulika, mwenye akaunti akifariki, picha za miaka kumi hutoweka bila hata harufu ya moshi. Negativu iliyolowa mvua inaweza kuokolewa sehemu. Faili lililofutwa haliachi majivu.

La tatu ndilo zito zaidi: kwamba nchi maskini haiwezi kujiingiza katika anasa za hifadhi. Tazama majirani. Mjini Kampala, mwaka 2015, ndani ya shirika la utangazaji la Uganda ziligundulika negativu zipatazo 70,000, nyingi za enzi za Idi Amin. Ziliingizwa katika mfumo wa kidijitali, na mwaka 2019 sehemu yake ikaoneshwa katika Makumbusho ya Uganda, watu wakabishana hadharani kuhusu kilichooneshwa na kilichofichwa na wapiga picha wa serikali. Mjini Bamako, Mali, Seydou Keïta alifungua studio mwaka 1948 akipiga picha watu wa kawaida. Kwa kuwa alitunza negativu zake, dunia ilikuja kumfahamu katika miaka ya 1990, na tangu mwaka 1994 mji huo umekuwa na tamasha la picha la Afrika nzima, ingawa kwa msaada mkubwa wa Ufaransa. Hapa hapa nchini, Zanzibar, Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 ilidumu mikononi mwa familia, na Mji Mkongwe unajitambua katika picha zake. Mali haina utajiri wa kuizidi Tanzania. Ilikuwa na mtu aliyeweka boksi mahali pakavu.

Lipo pia jambo la woga. Mtu mwenye simu akipiga picha daraja, stesheni au jengo la serikali hakuna anayemuuliza. Kijana mwenye kamera kubwa akisimama mahali pale pale, mgambo amefika. Sheria za maeneo yanayolindwa zipo na zina sababu zake. Ninachokipinga ni kila mlinzi wa geti kujitungia ya kwake. Ukiongeza Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, ambazo zilimtaka hata mwenye blogu ndogo kulipia leseni kwa zaidi ya shilingi milioni mbili kabla ya kanuni hizo kurekebishwa baadaye, utaelewa kwa nini kizazi kizima cha wapiga picha kimejifunza kwamba kitu salama ni machweo. Kurasa zimejaa machweo. Maporomoko, ukungu, machweo tena. Mkaa unaopakiwa magunia kwa magunia, mto unaokauka, mpaka wa shamba unaogombewa: hayo hayana mpiga picha.

Na hapa sharti niwaambie ukweli jumuiya ya wapiga picha wenyewe, maana anayedai haki asiogope kuulizwa wajibu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lililipuka karibu na Msamvu, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Kabla jamaa hawajapewa taarifa, picha za miili iliyoungua zilikuwa zimezunguka kwenye simu nchi nzima. Zilipigwa na kila mtu, hazikuwa na mwandishi, hazikuwa na jina la marehemu, hazikuomba ruhusa ya yeyote. Wiki hiyo Morogoro ilipigwa picha kuliko wakati mwingine wowote, na pengine haijawahi kudhalilishwa zaidi. Je, nani alirudi mwezi mmoja baadaye kuwapiga picha wajane, wauguzi, waliopona wakiwa na makovu, makaburi ya Kola? Tofauti kati ya mpiga picha na mwenye simu iko hapo, katika kurudi.

Vivyo hivyo kwa wanawake wa Uluguru wanaoshuka na ndizi na mboga kichwani. Wamepigwa picha maelfu ya mara kwa mgongo na kwa pembeni. Kwa Waluguru, ambao ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, mwanamke huyo ni mwenye shamba na mwenye ukoo. Katika picha zetu amekuwa pambo la mlima. Muulizeni jina. Mwombeni ruhusa. Mkiuza picha, mkumbukeni. Tangu mwaka 2022 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, lakini adabu hiyo ilikuwepo kabla ya sheria: mgeni hubisha hodi. Msiwafanyie wanyonge wenu yale Dobbertin aliyowafanyia wapagazi, kisha mkalalamika kwamba halmashauri haiwataji majina.

Basi nadai mambo manne, na yote yanawezekana bila kusubiri mfadhili. Kwanza, kila picha inayochapwa kwa fedha ya umma katika mkoa huu, iwe ya halmashauri, chuo au wakala, iwe na jina la mpigaji na stakabadhi ya malipo. Wakaguzi waulize stakabadhi hiyo kama wanavyouliza ya dizeli. Pili, maktaba ya mkoa, kwa kushirikiana na vyuo vyetu, itenge chumba kimoja kikavu chenye skana, kompyuta na daftari la kumbukumbu, kipokee negativu na albamu za familia, kizinakili na kuzirudisha kwa wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inatuambia nchi inathamini nyaraka; tuanze kuamini kwamba picha ya harusi ya Mikese ya mwaka 1974 nayo ni waraka. Tatu, maofisa maendeleo ya jamii wapokee maombi ya vikundi vya picha na sanaa kwa vigezo vile vile vya biashara nyingine. Nne, uongozi wa mkoa utoe waraka mfupi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, unaotaja wapi kamera hairuhusiwi, ili kwingineko kote iruhusiwe.

Ninyi wanafunzi msisubiri waraka. Treni mpya ya umeme iliyoanza safari za Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 ina vituo vya abiria Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere, Mikese haimo. Mji mdogo uliozaliwa na reli unapitwa na reli, na maisha yake yatabadilika mbele ya macho yetu ndani ya miaka michache. Likizo hii nendeni na simu zenu, na daftari. Mwombeni mzee awaoneshe boksi lililo chini ya kitanda. Andikeni nyuma ya kila picha: huyu ni nani, hapa ni wapi, mwaka gani, nani alipiga. Kalamu ya shilingi mia tano inatosha kwa kazi hiyo, na wanaokumbuka majina wanazidi kupungua.